Sufuria ya Mama Ilipata Alama Nzuri

Mtu wa Likasi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, akikuambia kwamba hajala tangu asubuhi, usiharakishe kumhurumia. Huenda ametafuna karanga, amekula maembe na viazi vitamu vya kuchemsha, akashushia munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na bado akaapa mbele ya Mungu kwamba tumbo lake ni tupu. Kwetu kula ni bukari, basi. Bukari ni ugali wetu, wa unga wa mahindi na wa muhogo uliochanganywa, na kisichokuwa bukari ni kupitisha wakati tu.

Nilizaliwa na jambo hilo na sikuwahi kuliona la ajabu, hadi nilipoitwa kwenye kituo kimoja cha afya huko Kikula, mtaa mmoja wa mji wetu, kusaidia kutengeneza mwongozo wa kula vizuri. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Aliyeniita ni mtaalamu wa lishe wa kituo hicho, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara, ambaye hucheka kwanza halafu ndipo anaeleza kilichomchekesha. Nampenda sana, na heri niseme mapema, maana nitakapofika pale nilipomfokea, msomaji asije akadhani tulikuwa maadui.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta amepanda juu ya benchi anabandua picha ukutani. Ilikuwa picha ya sahani ya chakula bora iliyoletwa kutoka mbali: zabibu, jibini, samaki mwenye nyama ya rangi ya waridi.

"Mwalimu, angalia," akaniambia. "Fromage hii, nani anaikulaka hapa Kikula? Tunafundisha bantu kukula picha?"

Akaikunja, akaniwekea mkononi, akashuka. Tukaenda sokoni.

Nimenunua sokoni kwetu tangu utotoni, lakini kwenda na mwanamke yule ilikuwa kama kupelekwa na mgeni nyumbani kwako mwenyewe akakuonyesha vyumba. Alisimama kila meza. Sombe, majani yetu ya muhogo, yametwangwa tayari. Lengalenga, mchicha wetu, iliyofungwa mafungu. Maharage. Bitoyo, ule samaki wa chumvi ambaye harufu yake hukutangulia nyumbani. Tilapia wa ziwa Tshangalele, macho bado yanang'aa. Vinkubala, viwavi vilivyokaushwa, ambavyo mabinti wa siku hizi wanajitia kuvichukia na mama zao wanavila wakifunga macho kwa utamu. Kila kitu alikishika, akakinusa, akamuuliza muuzaji watu wanakipikaje, kwa mafuta au kwa karanga, na wauzaji wakamjibu kama shemeji yao. Jioni tulikuwa na chakula bora cha Likasi chote, na hapakuwa na zabibu.

Vipimo navyo alivitoa mwilini. Bukari, ngumi mbili. Mboga za majani, viganja viwili vilivyokingwa pamoja. Samaki au nyama, kiganja bila vidole. "Kila muntu anatembeaka na balance yake," alisema, yaani mizani yake, akinionyesha mkono wake mpana. Nilicheka. Kisha nikaona ni kweli, kwamba mkono wa mtoto ni mdogo na tumbo lake ni dogo, na mkono wa mchimbaji ni mkubwa na njaa yake ni kubwa. Nilisoma chuo kikuu na hakuna aliyenifundisha kitu chepesi namna hiyo.

Baada ya vipimo ilibidi tujue watu wanakulaje hasa, tuwape alama: kijani kwa nyumba inayokula vizuri, njano kwa inayojikongoja, nyekundu kwa inayohitaji msaada. Tukaanza kupiga hodi. Nyumba ya kwanza tulimkuta bibi amekaa mlangoni.

"Mama, leo umekula nini?"

"Ah, mwanangu, siyakula kintu," akajibu kwa huzuni, na maganda ya karanga yakimwagika kutoka kwenye kitenge chake.

Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini karibu na yule bibi, na bibi naye akacheka bila kujua kwa nini. Kesho yake swali lilibadilika. Hatukuuliza tena watu wamekula nini, tuliuliza kitu gani kimepita mdomoni tangu waamke. Hapo ndipo Kikula ilipofunguka. Nyumba tulizodhani zinakufa njaa zilikuwa na uyoga, na matunda ya porini, na maharage yaliyobaki jana. Niliwaheshimu sana akina mama wa mji huu wiki zile. Mtu hana kitu na bado sufuria yake ina rangi.

Likabaki jambo moja gumu. Kwetu watu hawali kila mmoja na sahani yake kama hotelini. Bukari moja, bakuli moja la mchuzi, mikono mingi. Utampimaje kila mtu? Tulibishana, tukaafikiana kupima sufuria. Tukijua kilichoingia kwenye sufuria na watu wangapi wanakula humo, tumeijua nyumba. Niliona tumefanya jambo la akili sana, na nikaupeleka mwongozo nyumbani kwa wazazi wangu.

Nilikuwa na sababu. Mama alikuwa mgonjwa. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi uliomtoa damu mwezi baada ya mwezi, naye, kama kawaida yake, alinyamaza. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Yeye yalimuumbua kwenye foleni ya maji, alipoanguka na ndoo yake. Daktari wa hospitali alisema lazima apasuliwe. Lakini damu yake ilikuwa chini mno. "Nikimpasua hivi, hatoki mezani," aliniambia pembeni. "Ale vizuri, ameze vidonge, damu ipande. Kisha mumlete haraka." Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: damu ikipanda, Mama atapona, isipopanda, uvimbe utaendelea kumkausha mpaka aishe.

Baba ni mstaafu wa kiwanda. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, akaishia kuwa mgawaji wa posho kambini, na nyumba yetu yote ililelewa kwa hadithi za posho ile: unga kiasi gani, maharage kiasi gani, samaki kiasi gani, kila mtumishi na haki yake. Baba aliposikia kuna mwongozo wa chakula unaotoa alama, alivaa shati safi.

Nilipima sufuria ya Mama. Samaki, mara nyingi. Sombe na karanga. Maharage. Kuku Jumapili baada ya misa. Ikatoka kijani, kijani kuliko nyumba yoyote tuliyokuwa tumetembelea mtaani. Baba alifurahi kama amepandishwa cheo. Kila aliyepita mlangoni alisimamishwa. "Kwangu iko vert!" aliwaambia. "Waulize ba nutritionniste." Mama alitabasamu, akajifunga kitenge, akarudi kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa.

Tukampeleka kupimwa tena. Damu ilikuwa imeshuka.

Hasira ilinipanda, na mimi hasira yangu haijui kubisha hodi. Nilikwenda hadi kituoni nikauweka mwongozo mezani kwa nguvu na kumwambia mtaalamu wangu kwamba karatasi yake inadanganya, kwamba mama yangu anakufa na alama ya kijani. Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Niliogopa kweli, na woga wangu huwa unatoka na sauti hiyo.

Hakukasirika. Akasema, "Mwalimu, unialike ku kula. Dimanche."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Baba alitaka kuusikia msemo huo kwa maana yake ya kawaida, yaani kuku achinjwe. Jumapili kuku akachinjwa. Meza ya sebuleni ikatandikwa kitambaa, kiti cha mgeni kikawekwa karibu na cha Baba, na mgeni akafika ametoa jasho, akasalimia kila mtu, akakitazama kiti chake na kusema, "Papa, unisamehe. Minye, nikikaa ku salon bila kusaidia, bukari hainipitake." Kabla Baba hajajibu, alishavuka nyumba, akatokea uani, akakaa kwenye kigoda kando ya mbabula. Kigoda kililalamika.

Hakusaidia chochote. Alikaa tu, akatazama.

Mama alikuwa anapakua, maana kuku hatumwachi kwenye bakuli moja la wote. Kwanza bakuli la Baba: paja la kuku, na juu yake firigisi, maana kwa watu wetu wa Kasai firigisi ni ya mwenye nyumba, na mwanamke akiila ni kama amemtukana mumewe mbele ya watu. Halafu bakuli la mgeni. Halafu watoto wa kaka yangu, anayefanya kazi Kolwezi na kuwaacha kwa wazazi, kila mmoja kipande na kiganja cha ziada cha mboga. Halafu mimi. Mwishoni kabisa, watu wote wakishagawiwa, Mama akavuta sufuria, akakwangua ukoko wa bukari, akauchovya kwenye mchuzi uliobaki chini. Shingo ya kuku alikuwa amejiwekea. Mjukuu mdogo akanyoosha mkono, na shingo ikaenda.

"Mama, na weye?" mgeni akauliza.

"Minye nilishaonja wakati ya kupika. Harufu inanishibishaka."

Alisema akicheka, bila kinyongo. Ninyi mnaonisoma mmeshamsikia mama wa namna hiyo, pengine mna wenu. Mimi nilimsikia kila siku ya maisha yangu, na mtaalamu wa lishe naye, aliniambia baadaye, alikuwa na mama aliyeshiba harufu. Sote wawili tulilelewa kando ya mbabula, tukasoma, tukatengeneza mwongozo, na wala haikutujia akilini kuuliza sufuria inaishia kwa nani.

Mwanamke yule hakucheka. Jambo hilo lilinitisha kuliko maneno ya daktari. Akanigeukia, akasema polepole, "Tulipima sufuria. Haiko sufuria njo inagonjwa." Kweli, mgonjwa hakuwa sufuria.

Ningekuwa mimi, ningeingia sebuleni na kumwaga radi. Yeye aliosha mikono, akaenda kuketi kwenye kiti chake karibu na Baba, akala, akasifia kuku, akamwomba Baba amweleze habari za posho. Baba alichangamka. Akaeleza dirisha la ghala, foleni, kikombe cha kupimia. Akaeleza jinsi babu alivyosimama pale tangu asubuhi na kuchukua posho yake mwenyewe baada ya wote, watu wakimwona, ili asije akaitwa mwizi.

"Na posho, Papa, ilikuwa ya nani?"

"Ya muntu wa kazi. Muntu, kama haakule, hawezi kutumika. Bazungu walijua ile." Kutumika, kwetu, ni kufanya kazi.

"Papa," akasema, "opération ni kazi. Ile siku, juu ya ile meza ya hopitali, nani atatumika? Weye, ao mama?"

Baba alikuwa anafuta vidole. Akaendelea kuvifuta kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji. Nje tulimsikia Mama akikwangua sufuria kwa kijiko, sauti ambayo imekuwepo nyumbani kwetu siku zote kama ya saa ya ukutani. Baba aliisikiliza. Sidhani kama aliwahi kuisikiliza kabla.

"Kesho," akasema, "nitagawanya minye."

Nilidhani ni maneno ya heshima kwa mgeni. Nilimkosea. Kesho yake mzee yule, ambaye sikuwahi kumwona akishika mwiko, alibeba kiti chake mpaka uani, akakaa mbele ya mbabula na kuwaambia watoto wapange mstari. Akagawa. Aliupima kwa macho mkono wa kila mtu, akampa kwa kipimo chake: ngumi, kiganja, viganja viwili. Bakuli la kwanza akampa Mama. Majirani walichungulia juu ya ukuta. Wanaume wenzake walimtania sokoni kwamba sasa amekuwa mama wa nyumba, na mmoja alinong'ona kwamba amelishwa dawa. Baba ana kiburi kingi, nami nimekirithi, na ninajua maneno yale yalimchoma. Siku iliyofuata alikaa pale pale.

Aliyemsumbua ni Mama. Kipande chake cha samaki kilipotea chini ya kitenge na kuibuka mdomoni mwa mjukuu. Nyanya zake zilihamia sahani yangu. Baba akagundua, akaanza kukaa naye goti kwa goti. "Kula mbele yangu," alisema. Siku moja Mama alilia. "Minye haiko mutoto," alisema. "Batoto bakishiba, minye nimeshiba. Unataka nifanye namna gani na mukono yangu?" Niliumia kumsikia. Tulidhani tunampa chakula, naye aliona tunamnyang'anya kitu alichokifanya vizuri maisha yake yote, na kwa kweli alikuwa amekifanya vizuri. Mimi ni ushahidi.

Ikafika Jumapili nyingine ya kuku. Baba aligawa kama kawaida, mapaja, mabawa, mgongo. Firigisi ilibaki peke yake chini ya sufuria. Akaichota kwa kijiko, akaishikilia hewani kidogo, akaiweka kwenye bakuli la Mama.

Mama aliruka kama ameunguzwa. "Hapana! Unataka bantu baseme nini? Ile haikulwake na muke."

"Ni ya mwenye nyumba?"

"Njo ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba njo minye. Na minye nasema kula."

Watoto waliacha kutafuna. Mama alimtazama Baba, akanitazama mimi, akatazama ukuta kama kwamba mababu wa Kasai walikuwa wamekaa juu yake. Mwanamke huyu amesafisha firigisi tangu usichana wake, amezipasua, amezikwangua ngozi ya njano, amezitia chumvi na kuzipamba juu ya bakuli la mtu mwingine. Akaiweka mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Kisha akasema kwa mshangao wa kweli:

"Kumbe iko ngumu bile? Miaka yote njo hii tu?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama naye akacheka, firigisi ikiwa bado shavuni. Tangu siku hiyo hakuficha tena samaki wake. Sina hakika kwa nini. Nadhani mtu akishapewa kile alichokatazwa, hawezi tena kukikataa kile alichoruhusiwa.

Damu ilipanda polepole, kwa shingo upande kama mtoto anayepelekwa shule, lakini ilipanda. Daktari alimpasua. Nilingoja nje na Baba, na mtaalamu wa lishe alikuja na chupa ya uji wa soya, akakaa katikati yetu, akatushika mikono sote wawili. Mama alitoka mezani. Niliposikia sauti yake nililia kwa aibu zote ambazo mwalimu hapaswi kuonyesha mbele ya watu.

Mwongozo tuliutengeneza upya. Kuna watu ambao wangeutetea ule wa kwanza, maana ulikuwa umechapishwa na umesifiwa. Mwanamke yule aliuchana mbele yangu kwa furaha ileile aliyobandulia picha ya zabibu. Sufuria bado inapimwa, lakini swali la kwanza sasa ni hili: nani anakula mwisho katika nyumba hii? La pili: anabakiwa na nini? Alama ya nyumba inatoka kwenye sahani ile. Nyumba nyingi zilizokuwa kijani zimekuwa njano, na akina baba kadhaa hawanisalimii tena. Sawa tu.

Kwa wazazi wangu nilirudi kuuliza kama ninavyouliza kwa wageni. Mama alikuwa amenenepa mashavu. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha uani, mwiko mapajani.

"Nani anakulaka wa mwisho mu nyumba hii?"

Mama, kwa mazoea, akafungua mdomo. Baba akamtangulia.

"Minye," akasema. "Mwenye kugawa posho anachukuaka yake nyuma ya bote. Andika."

Nikaandika. "Na anabakiwa na nini?"

Baba akainua mabega, akaonyesha ukoko chini ya sufuria. Lakini Mama alikuwa ameshainuka. Akaingia ndani, akarudi na sahani iliyofunikwa, akaiweka mapajani mwa Baba na kuifunua. Palikuwa na samaki kiasi cha kiganja, lengalenga, na pembeni, imekatwa vizuri kwa kisu, nusu ya firigisi.

"Ile nusu ingine," akaniambia, "nilishaikula."